Shangazi Ajifunza Kungoja

"Habari za kuuguza, Subilaga?" Shangazi aliuliza asubuhi ile, kama alivyouliza kila asubuhi.

"Nzuri tu," akajibu Subilaga, na mgongo wake ukasema maneno mengine ambayo hayafai kuandikwa.

"Unyoya!" Shangazi akatangaza kwa furaha. "Hongera sana, Subilaga."

Subilaga akashukuru. Angefanyaje? Mtu akikupongeza unashukuru, mengine baadaye. Akaondoa kiganja chake juu ya Shangazi, akajifunga khanga kiunoni, akaenda kumwinua baba yake, aliyekuwa akisikia yote kutoka kitandani, mlango ukiwa wazi.

Sasa usimdhanie Shangazi huyu ni binadamu. Alikuwa kidude cha duara, kipana kama chapati, kilichokaa juu ya kabati la vyombo katika kila nyumba ya Tukuyu yenye mgonjwa wa mishipa ya fahamu: anayetetemeka, aliyepooza, anayesahau hadi majina ya wanawe. Serikali ilimwita Kipimamzigo. Watu wakaona jina hilo refu, wakamwita Shangazi, kwa sababu huingilia ya nyumbani kwa watu na huuliza maswali kuliko wazee wa posa. Hakumpima mgonjwa. Alimpima anayemuuguza. Unaweka kiganja juu yake, anasikiliza sauti yako, anasikiliza moyo unavyokwenda, anaonja jasho la mkono wako, kisha anatoa hukumu ya mzigo uliobeba: unyoya, kapu, gunia au mlima. Wenye milima na magunia hupelekewa msaada. Wenye manyoya hupewa hongera.

Msaada wenyewe ulikuwa ni Mkwe, na mwanzoni kila mtaa ulipewa wake, kabla ya vipimo vya mwaka kuhesabiwa. Huyu naye alikuwa mashine, lakini mashine yenye adabu: magurudumu manne, mikono miwili minene yenye joto, na sauti ya kusema "Samahani, mzee" kabla ya kugusa mtu. Alizunguka mtaani nyumba kwa nyumba, na kwa Subilaga alifika Jumatano na Jumamosi mchana. Siku hizo Mkwe alimwogesha Mzee Asegelile, akamgeuza, akamkalisha kibarazani, na Subilaga akakimbilia kanisani kwenye mazoezi ya kwaya. Alikuwa na sauti ya kwanza iliyoweza kutoa vumbi kwenye madirisha. Kwaya ndiyo iliyokuwa chakula chake, ugali ulikuwa wa kusindikizia tu.

Jina la Mkwe alilitoa Mzee Asegelile mwenyewe, likaenea wilaya nzima. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkwe wa kike hata kivuli cha baba mkwe hukikwepa, sembuse kumwogesha. Ndiyo maana Anyisile, mke wa kaka yake Subilaga, alikuwa tayari kupika, kufua na kuchota, lakini chumbani kwa mzee hakanyagi, na mzee mwenyewe asingekubali hata kwa mtutu. Kazi yote ya mwili ikabaki kwa binti. Kwa hiyo siku mashine ilipomshika mgongo kwa mara ya kwanza, mzee alicheka mpaka akakohoa. "Huyu ndiye mkwe wangu wa kwanza kunishika mgongo!" akasema. "Tena hajibu, hanywi pombe, na hajaniomba shamba. Subi, ungeniletea wa namna hii mapema."

"Tata," Subilaga akamjibu baba yake, "wa namna hii hawakuwepo."

"Wangekuwepo ungewakataa. Wewe ulipenda wenye mdomo."

Subilaga, ambaye mume wake mwenye mdomo alishaondoka na mdomo wake zamani, alicheka asubuhi hiyo alipoyakumbuka hayo. Akamshika baba yake kwapani, akamwinua. Mlangoni miguu ya mzee ikagoma, kama kawaida ya ugonjwa wake wa kutetemeka. Unaona miguu ipo, ina afya, lakini inakataa kabisa kuvuka kizingiti. Dawa yake Subilaga aliigundua mwenyewe: akaimba wimbo wa kwaya wenye mdundo wa kutembea, na kwenye mdundo wa pili mguu wa kulia ukanyanyuka, wa kushoto ukafuata, baba na binti wakatoka nje wakiandamana kama watu wa harusi.

*

Ilipofika saa nne mvua ilikuwa inanyesha, maana Tukuyu mvua haiombi ruhusa. Mtu mmoja akabisha hodi. Alikuwa kijana mrefu, mwenye koti la Idara ya Wauguzaji, matope mpaka magotini, na kwapani ameshika kitu kikubwa kilichofunikwa kitambaa.

"Karibu, baba, karibu ndani," akasema Subilaga. "Habari za safari?"

"Nzuri tu, mama. Safari njema kabisa," kijana akajibu huku akikung'uta viatu. "Ila gari limeingia mtaroni pale chini, nimetembea kwa miguu kutoka darajani."

"Loo, pole sana!"

"Nimeshapoa. Naitwa Lusekelo. Nimezaliwa hapahapa Tukuyu, nimekulia Dodoma."

"Ndiyo maana hukumbuki mtaro ulipo," akanong'ona Mzee Asegelile kutoka kwenye kiti chake. Sauti yake ilikuwa imebaki ndogo, lakini ulimi haukuwa umepungua.

Chai ikaletwa. Lusekelo akanywa, akasimama, akavuta kitambaa. Kikombe! Kikombe cha ushindi, kile cha shaba chenye masikio mawili, kizito, kinang'aa, kimechorwa maneno ubavuni: WILAYA ISIYOLEMEWA.

"Mwaka mzima," Lusekelo akasema kwa sauti ya mkutano, "wauguzaji wa Tukuyu wamepata unyoya kila siku. Hakuna wilaya nyingine iliyofanya hivyo. Nimeagizwa nianze na nyumba hii kwa sababu Subilaga hujibu haraka kuliko wote. Hongereni!"

"Ndaga fijo," mzee akashukuru, akitazama kikombe kwa mashaka.

"Na kwa kuwa hamjalemewa," kijana akaendelea, sasa akiangalia sakafu, "Idara imeamua akina Mkwe wapelekwe wilaya zenye magunia. Lori liko stendi. Linaondoka jioni."

Subilaga alikuwa ameshika birika. Akaliweka chini taratibu. Aliona mbele yake Jumatano bila kwaya, Jumamosi bila kwaya, mgongo wake ukibeba mwili wa baba yake kila siku ya Mungu mpaka mmoja wao aanguke, na akianguka yeye, nani atamwinua mwingine? Hasira zikampanda.

"Nani kasema hatujalemewa?"

"Ninyi wenyewe, mama. Kila siku mnaulizwa habari za kuuguza. Mnasema nzuri."

"Sasa mtu akikusalimia utasemaje? Utamwambia mbaya, asubuhi yote hii?"

Lusekelo akakuna kichwa, akaeleza kwa upole jinsi Shangazi alivyotengenezwa. Mafundi wake, watu wa mbali, walikuwa na imani moja: jibu la kwanza la mtu ndilo la moyoni. Linatoka kabla hajapata muda wa kulipamba. Kwa hiyo Shangazi hushika neno la kwanza, hulilinganisha na moyo na jasho, na kama mtu hana wasiwasi wakati wa kulitamka, hufunga masikio. Na hakuna mtu wa Tukuyu aliyewahi kuwa na wasiwasi wakati wa kusema nzuri.

Subilaga alimtazama kijana. Akayatazama matope magotini mwake. Polepole uso wake ukaanza kufunguka.

"Lusekelo, baba," akasema. "Nilikuuliza habari za safari, ukasemaje?"

"Nikasema nzuri."

"Na gari liko wapi?"

Nje mvua ilikuwa inapiga bati. Mzee Asegelile akaanza kutikisika mabega, na safari hii si ugonjwa, ni kicheko.

"Liko mtaroni," Lusekelo akasema kwa sauti ndogo.

"Ungempa Shangazi mkono, angeandika kwamba gari linatembea. Sisi huku, mwanangu, ya kwanza ni heshima. Habari yenyewe inakuja nyuma ya ila. Mtu anafiwa, unamuuliza habari za nyumbani, anakwambia nzuri, ila tumezika jana. Nyie mmetufungia mlango kabla ya ila, halafu mnatuletea kikombe!"

Lusekelo alikaa chini. Kisha akapiga paja lake, akacheka mpaka machozi. Alikuwa kijana mwema, na kijana mwema akikosea hana haja ya kusukumwa. Akatoa kishikwambi chake mfukoni mwa koti. "Nina ruhusa ya kurekebisha Shangazi mmoja kwa majaribio," akasema. "Nitamwambia akisikia nzuri asifunge, angoje. Nikipata leo kipimo kimoja tu kilicho cha kweli, nalisimamisha lori na wilaya yote inapimwa upya."

"Kimoja tu? Umekipata!" akasema mtu mlangoni.

Alikuwa Mama Tumpe wa nyumba ya pili, aliyemuuguza mumewe aliyepooza. Alikuwa amesimama pale muda mrefu, maana kikombe kinachong'aa hakifichiki, na mumewe alikuwa naye kwenye kiti chake cha magurudumu chini ya mwavuli. Kabla hajakaribishwa alishaingia, ameshaweka kiganja juu ya Shangazi, na Lusekelo akawahi kubonyeza kishikwambi.

"Habari za kuuguza, Mama Tumpe?"

"Nzuri, ila nakufa!" Mama Tumpe akalia. "Sijala tangu Jumapili! Silali! Nimebaki mifupa mitupu jamani, ona!"

Shangazi akawaka taa ya njano. "Mama Tumpe, umetia chumvi. Aliyetia chumvi hupimwa tena mwezi ujao."

Mumewe, aliyekuwa hawezi kutamka maneno mengi, akainua mkono wake mzima, akaonyesha kwa vidole jinsi mkewe alivyokula ndizi asubuhi ile. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mama Tumpe naye akacheka, akajifuta machozi, akasema, "Basi, shoga yangu, umebaki wewe. Semea mtaa."

*

Mzaha uliishia hapo kwa Subilaga.

Sheria ya kipimo ilikuwa moja na haina msamaha: mgonjwa lazima awepo, asikie. Idara iliiweka baada ya watu wengine huko mwanzo kuwasengenya wagonjwa wao vyumbani ili wapate msaada. Ilikuwa sheria nzuri. Lakini ilimaanisha kwamba Subilaga aweke mkono pale, baba yake akiwa amekaa palepale anamtazama, aseme kwa kinywa chake kwamba huyu baba ni mzigo. Baba aliyembeba mgongoni kutoka kijijini mpaka hospitali alipokuwa na homa ya utoto, kwa mvua kama hii. Kusema umechoka na mzazi, kwa Subilaga, kulikuwa sawa na kumwonyesha njia ya makaburini.

Asiposema, Mkwe anaondoka, na si kwake tu, ni Tukuyu yote. Akisema, ataishije na macho ya mzee kesho asubuhi? Na kutia chumvi haiwezekani, na kuficha ndiko kulikowafikisha hapa. Akaweka kiganja juu ya Shangazi.

"Habari za kuuguza, Subilaga?"

"Nzuri," akasema.

Shangazi hakusema unyoya. Taa yake ikabaki inazunguka taratibu, inangoja, kama alivyofundishwa. Mama Tumpe alifumba macho kama yuko kanisani.

"Nzuri, ila..." Subilaga akatazama nje. "Ila mvua imezidi."

"Mvua si mzigo wa kuuguza," akasema Shangazi. "Ninangoja."

"Ila ngedere wanamaliza ndizi shambani."

"Pole kwa ndizi. Ninangoja."

"Ila..." Kupitia dirishani alimwona Mkwe akipita njiani kwenda stendi, peke yake, magurudumu yake yakitapakaza maji, akisema "Samahani" kwa kila dimbwi.

"Subi," baba yake akaita.

"Naam, tata."

"Unadhani mimi sijui?"

Wote wakasogea, maana sauti ya mzee ilihitaji kusogelewa.

"Mchana ninapofumba macho, unadhani ninalala? Silali. Ninajifanya nimelala ili ukae chini, mtoto wa watu. Na wewe unapoimba jikoni, ukaruka ubeti katikati, unadhani sijui kwamba pale umelia? Nyimbo zile nazijua zote. Tumekuwa waigizaji humu ndani, wewe na mimi, na hakuna hata mtazamaji." Akapumzika kidogo. Mkono wake wa kulia ulikuwa unacheza juu ya paja. "Mama yako alikuwa anatoka shamba na mkungu kichwani. Akifika njia panda anasimama, anaita, 'Nitueni!' Mtu yeyote aliyepita alikuja kumtua. Hata adui. Basi niambie, kuna siku mtu alisema mama yako ameutukana mkungu?"

"Hapana, tata."

"Haya. Simama njia panda uite."

Subilaga alivuta pumzi, ile ndefu ya kabla ya kuanza wimbo.

"Nzuri, ila nimechoka, tata," akasema, na sasa alikuwa anamwambia baba yake, si kidude. "Nimechoka sana. Mgongo unaniuma mpaka natembea nimeshika ukuta. Ukienda chooni ninasimama nje ninasali. Jumapili ile ulipoangusha kikombe ukakivunja, nilikufokea kama mtoto, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia kwa aibu. Na kuna asubuhi nyingine, Mungu anisamehe, ninatamani niamke nisisikie mtu yeyote akiniita. Halafu ukichelewa kuniita naruka kitandani kwa hofu. Ninakupenda, baba. Hilo halikuulizwa, lakini liandikwe."

Taa ya Shangazi ilizunguka. Ilizunguka tena.

"Gunia," akasema. "Pole sana, Subilaga."

Ndipo alipolia. Kwaya nzima isingeweza kumnyamazisha. Mwaka mzima alikuwa amepewa hongera, kumbe alikuwa anasubiri pole, ije hata kwa kinywa cha chapati. Mama Tumpe akamkumbatia, naye akilia kwa fujo, na Lusekelo akageukia ukutani kutazama kalenda, ambayo ilikuwa ya zamani na haina la kutazamwa.

"Gunia tu?" Mzee Asegelile akalalamika. "Na unene wangu wote huu! Nilitegemea mlima."

*

Lori halikuondoka. Lusekelo alikimbia stendi kwa miguu, kwa kuwa gari lake bado lilikuwa na safari njema mtaroni, na inasemekana akina Mkwe walipoambiwa warudi nyumbani walisema "Samahani" wote kwa pamoja na kulivuta gari lile kabla ya kuondoka. Wiki ile ile kila Shangazi wa Tukuyu alifundishwa kungoja baada ya nzuri. Wilaya nzima ikamwaga ila zake. Magunia yalikuwa mengi, na milima ikaonekana kwenye nyumba ambazo hakuna aliyedhani, nyumba za watu wenye tabasamu pana kuliko wote. Akina Mkwe wengine wakaletwa.

Idara ilituma ujumbe kuomba kikombe kirudishwe, kwa kuwa Tukuyu ilikuwa imelemewa kama wilaya nyingine. Subilaga alijibu kwa adabu kwamba kikombe kipo, kizima, ila kinatumika. Na kweli kilitumika. Kilikuwa na masikio mawili, hivyo mzee alikishika kwa mikono yote miwili, na kilikuwa kizito kiasi kwamba mikono ile ilipotetemeka, kikombe chenyewe kilikataa kufuata. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu Mzee Asegelile alikunywa chai yake mwenyewe mpaka tone la mwisho, bila mtu kumshikia.

Jumatano mchana Lusekelo alipita kuaga. Mkwe alikuwa amekwisha kumwogesha mzee na kumkalisha kibarazani, na Subilaga alikuwa mlangoni na joho lake la kwaya mkononi, tayari kwenda.

"Na mimi je?" mzee akasema ghafla. "Mwaka mzima huyu Shangazi anamuuliza mwanangu. Mimi sina habari?"

Lusekelo akatabasamu, akabonyeza kishikwambi, akamtoa Shangazi kabatini na kumweka juu ya meza ndogo kando ya kiti.

"Habari za kuuguzwa, Mzee Asegelile?"

"Nzuri tu," akajibu mzee.

Taa ikaanza kuzunguka. Shangazi akangoja. Lusekelo akangoja. Subilaga akasimama kizingitini, mguu mmoja ndani na mwingine nje, akangoja pia. Hata Mkwe aliacha kukunja taulo.

Mzee alichukua kikombe chake cha ushindi kwa masikio yote mawili, akanywa chai, akawaangalia mmoja mmoja.

"Mnangoja nini?"

"Ila, tata," Subilaga akasema. "Tunangoja ila."

Mzee Asegelile akafikiri kweli, kwa sababu swali lilikuwa limeulizwa kwa heshima.

"Leo haipo," akasema. "Nenda kaimbe."